Siku Gamba Lilipobonyea

Shamimu Ntandu aliuweka mpira uliokatwa nusu juu ya meza ya Baraza, ukiwa kifudifudi kama bakuli lililogeuzwa, kisha akaweka jiwe dogo kwenye utosi wake.

"Naomba tusubiri kidogo, waheshimiwa," alisema.

Wajumbe wa Baraza la Mbuga Nyeupe wakasubiri. Kulikuwa kumepambazuka muda si mrefu. Juu ya ukumbi usio na paa, Gamba lilianza kupata rangi: kuba moja kubwa la rangi ya asali, lililoufunika mji mzima kutoka mtaa wa Mashariki hadi malango ya Magharibi. Chini yake watu walilima mchicha, walisoma, walioana na kuzikana. Nje yake, jua likishapanda, kwa joto lake, hakuna aliyetembea bila vazi la baridi, lile la kuupoza mwili, akafika mbali.

Penina Gwae, Mkaguzi Mkuu wa Gamba, hakuwa akiliangalia jiwe. Alikuwa akimwangalia binti yake. Yunis alisimama nyuma ya Shamimu, ameshika taa ya kuupasha mpira joto, na macho yake hayakumtoka Shamimu hata mara moja. Penina alijaribu kukumbuka ni lini binti huyo alimtazama yeye namna hiyo. Hakukumbuka.

Jiwe lilikaa. Mjumbe mmoja akapiga miayo. Mwingine akaanza kumnong'oneza jirani yake kuhusu maji. Kisha, bila onyo lolote, mpira ukafanya *po!* ukabonyea wote kwa ndani, na jiwe likabaki limelala shimoni. Wajumbe waliruka kwenye viti vyao, halafu wakacheka kwa aibu.

Shamimu hakucheka. "Jiwe halikuongezeka uzito," alisema. "Mpira haukuchanika. Kilichobadilika ni umbo tu. Muda wote huo tuliokaa tukiona hakuna kitu, mpira ulikuwa unalegea, mbinuko wake unapungua. Na mbinuko ndio unaobeba. Ukipungua kupita kiasi, haushuki tena polepole. Unabonyea mara moja. Gamba letu, upande wa Mashariki, limefika hapo."

Penina aliwatazama wajumbe. Kwa miaka mingi alikuwa amewaeleza watu hawa habari za Gamba, na kwa miaka mingi walikuwa wamesinzia. Leo msichana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha namna ya kushika kalamu ya hesabu alikuwa amekuja na mpira wa watoto, na hakuna aliyesinzia.

Mwenyekiti Bonifasi Senge alijifuta uso kwa leso. Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya upole. "Unataka tufanye nini, binti?"

"Tuhame leo. Sasa hivi, kabla jua halijapanda. Watu wote waende kwenye mahandaki ya mlimani. Kipande kimoja kikianguka, joto la nje litaingia na kulegeza vingine."

"Mama yangu anaishi Mashariki," Senge alisema. "Hawezi kutembea mwendo mrefu. Zoezi la kuhama la mwaka juzi tulilifanya alfajiri, na bado tulizika wazee wawili." Akageuka. "Mama Penina, Gamba ni lako. Unasemaje?"

*Gamba ni lako.* Maneno hayo yalimpoza kidogo. Penina alisimama.

"Gamba lina vipimo vilivyopachikwa ndani yake tangu lilipomwagwa," alisema. "Nilivisoma jana jioni. Vyote vinasema liko salama."

"Samahani, mwalimu," Shamimu alisema. Bado alimwita hivyo, mbele za watu na faraghani. "Vipimo viko kwenye mishono, pale vipande vinapoungana. Mishono ni migumu. Panapolegea ni katikati ya kipande, na huko hakuna kipimo hata kimoja."

Ilikuwa kweli. Penina alijua ni kweli kabla sentensi haijaisha, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Basi mtu apande akapime katikati," alijibu. "Kwa mkono, saa za joto, wakati Gamba limelegea kuliko wakati wowote. Siwezi kuwapeleka watu elfu arobaini juani kwa sababu ya mpira."

"Lakini mama," Yunis alidakia, "dada Shamimu ameshaeleza kwamba kufika saa za joto tutakuwa tumeche..."

"Yunis."

Wajumbe wakatazama chini. Kila mtu katika Mbuga Nyeupe alijua kwamba Yunis alikuwa amekataa nafasi katika ofisi ya mama yake, akaenda kufanya kazi katika karakana ya Shamimu.

Senge alitazama huku na huku. Sheria ya mji ilikuwa wazi: king'ora cha kuhama hupigwa na Mkaguzi Mkuu, si mwingine. "Basi apande mtu," alisema mwishowe.

"Nitapanda mimi," Shamimu alisema. Akakunja mpira wake akautia mfukoni. Alipopita karibu na Penina aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima ile ile ya siku zote, na Penina akatamani angalau mara moja msichana huyu amkosee adabu, ili apate sababu ya kumchukia.

* * *

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa karibu na kilele cha mnara wa Mashariki, mmojawapo wa minara iliyoshikilia Gamba. Kupitia dirishani mtu aliliona kwa karibu, kama tumbo la mnyama mkubwa aliyelala juu ya mji.

Penina alilijua tangu likiwa utomvu. Alikuwa kijana wakati ule, kiangazi kilipoanza kuua watu mashambani, na ni yeye aliyegundua kwamba utomvu wa minyaa ukichemshwa na kuchanganywa na nyuzi za mkonge hutoa kitu ambacho si jiwe wala si maji. Ukikipiga ngumi, hurudi kama mpira. Ukikiegemea kutwa nzima, hutiririka kama asali iliyoganda, kidogo sana, huku wewe huoni. Na kina kumbukumbu. Kila vumbi lililowahi kutua juu yake, kila dhoruba, kila mvua, hubaki ndani yake kama maumivu ya zamani na kupungua taratibu. Anayetaka kujua kesho kitakuwa na umbo gani, lazima ajumlishe yote yaliyokipata tangu kuzaliwa.

Hesabu hiyo aliifanya Penina. Vyuoni waliiita Kanuni ya Gwae. Ilisema kwamba Gamba husahau kwa mwendo mmoja, mizigo ya zamani ikififia yote kwa kasi ile ile, na kwamba kwa mwendo huo litasimama miaka mia moja na zaidi.

Shamimu alisema hapana. Gamba lina kumbukumbu nyingi, si moja: nyingine za siku moja, nyingine za miaka. Na joto huziharakisha zote, kiasi kwamba siku moja ya kiangazi hulizeesha Gamba kuliko masika mazima. Alikuwa ameandika hivyo katika kazi yake ya kwanza ya chuo. Penina aliisoma usiku mmoja, akampa alama ya wastani, na hakulala.

Sasa aliketi mbele ya mashine akaifungua hesabu hiyo upya. Alikuwa na lengo moja: kutafuta kosa. Lilikuwa lazima liwepo. Aliingiza historia yote ya Gamba, dhoruba baada ya dhoruba, joto la kila msimu, akaiacha mashine ichore umbo la upande wa Mashariki jinsi lilivyopaswa kuwa leo.

Umbo lilijichora. Katikati ya kipande kikubwa, mahali ambapo Kanuni ya Gwae ilisema pamebinuka kama kichwa cha mtoto, palikuwa pametandazika karibu kama sinia.

Penina alipatambua mahali pale. Kila mvua ilipokatika, dimbwi la maji lilibaki hapo juu likimeremeta, na watoto wa Mashariki waliliita ziwa. Maji hayakai juu ya kitu kilichobinuka. Watu walikuwa wamemuuliza, naye alikuwa amejibu kwamba mafundi waliomwaga kipande kile walikuwa walevi. Alikuwa amelijibu hilo mara nyingi hata akaliamini.

Aliipa mashine swali la mwisho. Jibu halikuwa na saa wala dakika. Lilisema tu kwamba kwa joto la leo kilichobaki ni kidogo mno, kidogo kiasi kwamba uzito wa mtu mzima pale katikati ungetosha.

Aliinua macho. Kupitia Gamba lenyewe, kwa mwanga wa jua lililokuwa limeshakuwa kali, aliona kivuli cha mtu kikipanda mshono wa Mashariki.

Redio iliyokuwa mezani ikakoroma. "Mwalimu, ni Shamimu. Nimefika mwisho wa ngazi. Nauacha mshono sasa, naingia kwenye kipande. Naona kimelegea hata kwa macho. Niendelee, au hii inakutosha?"

Penina alishika redio.

Baadaye alijaribu mara nyingi kujieleza kilichompitia wakati ule. Hakumtakia msichana kifo. Hilo aliweza kuapa. Alichokiona ni meza ya Baraza, na Shamimu akirudi na vipimo mkononi, na Senge akisimama kumpa mkono, na Yunis. Halafu akaona jambo jingine: kwamba kama angepata muda kidogo tu, angeweza kuiandika hesabu hii upya kwa mkono wake, akaingia Barazani kabla ya Shamimu kushuka, akasema kwamba amesahihisha kanuni yake mwenyewe. Ni mwalimu. Nani angeshangaa? Kilichohitajika ni Shamimu achelewe huko juu.

"Endelea," alisema.

Aliisikia sauti yake ikitoka, tulivu kabisa, sauti ya darasani.

Kivuli kiliuacha mshono, kikaanza kutembea taratibu kuelekea katikati. Na Penina, aliyejua kila unyuzi wa kitu kile, aliona kitu ambacho hakuna mwingine mjini ambaye angekiona: mwanga uliokuwa ukipita kwenye kipande ukabadilika, ukakusanyika chini ya miguu ya Shamimu kama maji yanavyokusanyika mahali penye bonde. Gamba lilikuwa likiinama kumpokea.

Alijikuta amesimama kabla hajaamua. Alivunja kioo cha king'ora kwa kiwiko, akageuza ufunguo.

* * *

Mlio ulijaa chini ya kuba lote, ukarudi kutoka kila upande. Penina alikuwa ameshaingia kwenye ngazi ya mnara, redio mdomoni, akihema.

"Shamimu, usitembee! Lala chini. Lala kabisa, tandaza mikono na miguu."

"Mwalimu? King'ora..."

"Nimekipiga mimi. Hesabu yako ni sahihi. Kila uzito uliosimama unakibonyeza kipande, kwa hiyo lala kama ngozi iliyoanikwa, halafu ujiburute kurudi kwenye mshono. Polepole. Ukifanya haraka kinakuwa kigumu kama ubao na kitakurusha, ukikaa sana mahali pamoja kinazama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Juu ya ngazi kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wa kutokea nje. Yunis alikuwa hapo, amevaa vazi la baridi, mikononi ameshika kamba ya usalama iliyokuwa imefungwa kiunoni kwa Shamimu. Uso wake ulikuwa umejaa machozi na jasho.

"Mama, kamba ilikuwa fupi. Alijifungua ili afike katikati. Nilimwambia asifungue, akasema mwalimu ameagiza aendelee."

Penina alichukua vazi lililotundikwa ukutani, akalivaa vibaya vibaya, akajifunga ncha ya pili ya kamba.

"Ukiniona nimevutwa, nivute," alisema. "Usije nje. Unanisikia? Hata iweje."

Joto la nje lilimpiga hata ndani ya vazi. Chini yake mji ulikuwa unatoka: mistari ya watu ikimiminika kuelekea malango ya Magharibi, wengine wakisukuma wagonjwa kwenye mikokoteni, wengine wamejifunika mablanketi yaliyoloweshwa maji. Nje ya malango, mbuga ilikuwa nyeupe, na jua lilikuwa juu kabisa ya vichwa. Kama wangetoka asubuhi, wangeshafika.

Alitambaa juu ya mshono kwa magoti. Shamimu alikuwa hatua chache tu kutoka mshononi, amelala kifudifudi, akijiburuta kwa viwiko. Waliweza kuonana macho kupitia vioo vya kofia zao.

"Umebakiza kidogo," Penina alisema. "Nipe mkono."

Ndipo Gamba lilipobonyea.

Halikuvunjika. Watu waliokuwa chini walisimulia kwamba walisikia mdundo mmoja tu, mzito, kama ngoma kubwa iliyopigwa mara moja na mtu aliyekasirika, na hewa yote ya mjini ikasukumwa masikioni mwao. Pale juu Penina aliona dunia iliyokuwa mlima ikigeuka shimo. Shamimu aliinuliwa hewani kama punje kwenye ungo, akaanguka, akaviringika hadi chini ya bakuli lililokuwa limezaliwa wakati ule ule. Mguu wake ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Penina alibaki akining'inia kwenye ukingo wa mshono, kamba ikiwa imemkaza kifuani. Alisikia sauti nyingine, nyembamba, kama nguo inayochanwa pindo. Nyuzi za mkonge zilikuwa zinaachia upande wa pili.

"Yunis, legeza kamba!"

"Mama, usishuke!"

"Legeza!"

Alishuka kwa kuteleza. Utomvu ulikuwa umelainika kwa joto na ulimng'ang'ania kwenye glavu. Alimfikia Shamimu, akajifungua kamba, akampitisha yeye kwapani, akafunga fundo. Msichana alikuwa na fahamu zake.

"Mwalimu, sogea kushoto," alisema kwa taabu. "Unyuzi bado umeshika kushoto."

Hata katika hali ile alikuwa anaona vizuri kuliko yeye. Penina akasogea kushoto.

Yunis alivuta. Baadaye viganja vyake vilishonwa, kwa jinsi kamba ilivyomchuna, lakini alivuta, na mama yake akasukuma kutoka chini, mpaka Shamimu akafika mshononi. Penina alipotoa mguu wake wa mwisho kwenye bakuli lile, pindo la upande wa pili likaachia. Kipande kizima kiliondoka taratibu, kama kwa heshima, kikaanguka juu ya nyumba za Mashariki, sokoni, shuleni, na vumbi likapanda hadi kuwafikia.

Hakukuwa na mtu chini yake; watu wa Mashariki walikuwa wametangulia kutoka.

* * *

Mahandaki yalikuwa yamechimbwa ndani ya mlima wa mawe, na hewa yake ilikuwa na ubaridi wa mtungi. Watu walikaa wamejipanga kandokando ya kuta, wakigawana maji. Walipomwona Penina akiingia, bado amevaa vazi lililochanika, mwanamke mmoja akaanza kupiga vigelegele. Wengine wakadakia. Muda si mrefu handaki zima lilikuwa linapiga makofi, na watoto walinyanyuliwa mabegani ili wamwone.

Senge alimjia akiwa amenyoosha mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama Penina," alisema kwa sauti iliyosikika na wote, "bila wewe, sasa hivi tungekuwa tunafukua maiti. Gamba ulitupa wewe, na kutoka chini yake umetutoa wewe."

Sifa hizo zilikuwa tamu. Penina hangeweza kukataa hilo. Kila kigelegele kilimwingia kama maji kwa mtu mwenye kiu, na kwa kitambo kidogo aliviacha viendelee.

"Si mimi," alisema kisha. "Aliyejua ni Shamimu. Hesabu ni yake yote. Yangu ilikuwa na makosa."

Makofi yakapungua. Halafu mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Mnamwona mtu mwenye unyenyekevu?" na makofi yakarudi, mazito kuliko mwanzo. Senge akambana mkono. Penina akatambua kwamba hata ukweli aliousema alikuwa ameusema kwa kiasi cha kumletea sifa.

"Mama yako yuko wapi, Mwenyekiti?" aliuliza, ili abadilishe mazungumzo.

Senge alitazama pembeni. "Hakufika. Tulimbeba mimi na jirani. Tulipokaribia mlima tukaona amenyamaza." Akavuta pumzi. "Na wapo wengine, wanne au watano. Jua lilikuwa kali mno. Lakini ni afadhali hao, mama, kuliko mji mzima. Usijilaumu."

Zahanati ilikuwa mwishoni mwa handaki, nyuma ya pazia. Shamimu alilala kwenye mkeka mnene, mguu umefungwa vipande vya mbao. Yunis alikuwa kando yake, viganja vimezungushiwa bandeji, akimnywesha maji kwa kijiko kwa shida. Alikuwa amekiweka kichwa cha mwenzake mapajani. Penina alisimama penye pazia, akawatazama, na ule wivu ukamuuma tena mahali pale pale, kana kwamba hakuna kilichotokea siku ile.

"Shikamoo, mwalimu," Shamimu alisema.

"Usiniamkie," Penina alijibu. "Pumzika."

"Nimesikia vigelegele."

"Nimewaambia ni wewe."

"Nimesikia hilo pia." Shamimu alimwashiria Yunis aache kumnywesha. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini maneno yalitoka moja moja, yamenyooka. "Nilipokuwa nimelala pale juu nilikuwa nafikiri. Hesabu ile, hata kwa mashine yako, haimaliziki kwa dakika mbili. Ulinipigia king'ora muda mfupi tu baada ya mimi kuuacha mshono. Ulikuwa umemaliza lini, mwalimu?"

Yunis aliinua uso. Penina aliona binti yake akielewa swali, kisha akingoja, akitumaini kwa nguvu zake zote.

Angeweza kusema lolote. Mashine ilikuwa chini ya kifusi cha mnara, ulioanguka muda mfupi baada ya wao kushuka.

"Kabla hujaniuliza kama uendelee," alisema. "Jibu lilikuwa mbele yangu kwenye kioo."

Nje ya pazia, mtoto alikuwa analia akitaka kurudi nyumbani. Yunis aliinama juu ya Shamimu, mabega yake yakaanza kutikisika, na hakumtazama mama yake tena.

"Kwa nini?" Shamimu aliuliza.

"Kwa sababu ulikuwa sahihi."

Shamimu alifumba macho.

"Ningependa kukutukana," alisema hatimaye, "lakini sina nguvu. Mimi nimevunjika mguu tu, utapona. Anayepaswa kuambiwa si mimi. Kama ungepiga king'ora pale pale ulipojua, kabla sijauacha mshono, pengine wazee wale wasingefika salama, pengine wangefika. Hatutajua. Lakini asubuhi, pale Barazani, ulijua vipimo viko mahali pabaya. Nilikuona usoni. Ungekiri pale, wangetembea kabla jua halijapanda. Senge anakaa na maiti ya mama yake na anakushukuru. Nenda kamwambie."

Penina alibaki amesimama. Alikuwa amekuja akiwa amejiandaa kwa msamaha au kwa matusi, na aliona kwamba vyote viwili vingemwachia nafasi ya kurudi zake kulala. Shamimu hakumpa hata kimoja. Alikuwa ameitazama hali yote, akaona mzigo uko wapi hasa, akaonyesha kwa kidole. Hata hilo alilijua kabla ya mwalimu wake, na hata hilo Penina alimwonea wivu.

"Makuba ya miji mingine, Sanza na Mto Mfu, yamemwagwa kwa kanuni yangu," alisema. "Kuna watu chini yake sasa hivi."

"Najua. Yunis ameshawapelekea ujumbe kwa redio, kwa jina langu." Shamimu aligeuza uso upande wa ukuta. "Nenda, mwalimu."

Alitoka. Alipita katikati ya watu, na wengi walimgusa bega, na bibi mmoja alimshika mkono akaubusu. Hakusimama. Senge alikuwa ameketi mwisho wa handaki, penye giza kidogo, juu ya mkeka, karibu na maiti iliyofunikwa kanga. Alipomwona anakuja alijaribu kutabasamu, akasogea kumpisha nafasi.

"Karibu, mama," alisema. "Umefanya vizuri kuja kukaa nasi."

Penina akaketi. Alilinyoosha pindo la kanga lililokuwa limekunjamana miguuni pa marehemu, akaweka mikono yake mapajani.

"Bonifasi," alisema, "sikuja kukupa pole. Nataka nikueleze kuhusu asubuhi, na nikimaliza, uwaambie watu."

Senge alimtazama, bado na lile tabasamu lisilo na nguvu. Penina akaanza tangu Barazani, tangu pale msichana aliposema neno mishono, na hakuruka kitu.